Damu Isiyo na Deni: Uhakiki wa Riwaya ya "My Blood Approves" ya Amanda Hocking

1. Utangulizi

Wahakiki wa vyuo vikuu huipita kando riwaya ya mapenzi ya wanyonyadamu, wakiwaachia wasomaji vijana na wauza vitabu. Desturi hiyo ina hasara yake, kwani kitabu kinachosomwa na watu wengi bila kuhakikiwa huendelea kufundisha mambo yake pasipo mtu wa kukiuliza swali. Katika makala haya tunaihakiki riwaya moja ya aina hiyo, "My Blood Approves" (kwa Kiswahili tungeweza kusema "Damu Yangu Yaridhia"), iliyotolewa mwaka 2010 na Amanda Hocking, mwandishi wa jimbo la Minnesota, Marekani.

Tunazo sababu mbili za kuichagua. Kwanza, riwaya hiyo ilitolewa na mwandishi mwenyewe, bila nyumba ya uchapishaji, na njia hiyo inawahusu sana wanaotunga kwa Kiswahili katika Kongo, ambako sehemu kubwa ya vitabu vya fasihi hutoka kwa Kifaransa. Pili, riwaya imejipa jina kwa neno damu, na msomaji wa Kiswahili haliendei neno hilo mikono mitupu. Lugha yake imekwisha kumpa maana nyingi za damu kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Tuitaje hukumu yetu mapema: riwaya hii inakatisha tamaa. Hata hivyo hatutaki kuihukumu kwa sababu zinazotajwa kwa kawaida, yaani kwamba mwandishi alijichapishia, kwamba mna makosa ya tahajia, au kwamba mapenzi ya msichana na mnyonyadamu ni upuuzi mtupu. Kasoro yake kubwa iko ndani zaidi. Damu ya riwaya hii haidai kitu: anayeitoa hapungukiwi, na anayeinywa hawi mdeni wa mtu.

2. Njia kilimopitia kitabu

Hocking alizaliwa mwaka 1984. Aliishi katika mji mdogo wa Austin, Minnesota, akifanya kazi ya kuwahudumia watu wenye ulemavu, na saa za mapumziko akiandika. Alikuwa amemaliza miswada kadhaa, na maombi yake yalikuwa yamekataliwa mara nyingi, alipoamua, mwezi wa Aprili 2010, kuiweka riwaya hii katika duka la vitabu vya kielektroni la kampuni ya Amazon. Mwenyewe amesimulia kwamba alitafuta dola 300 tu, apate kwenda Chicago kutazama maonyesho juu ya kazi za Jim Henson, fundi wa vikaragosi vya televisheni. Bei ya vitabu vyake ilikuwa ndogo mno: baadhi viliuzwa kwa senti 99 za dola, vingine kwa chini kidogo ya dola 3. Haukupita muda wa miaka miwili kabla vitabu vyake vyote pamoja havijapita nakala milioni moja, na mwezi wa Machi 2011 kampuni ya St. Martin's Press ilikubali kumlipa zaidi ya dola milioni 2 kwa mfululizo mpya wa vitabu 4.

Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya ushindi, na kwa upande mmoja ni kweli. Mtu aliyefungiwa mlango alijitengenezea mlango wake. Nasi hatuna budi kumheshimu kwa bidii hiyo. Lakini mauzo hujibu swali moja tu, la kwamba watu walinunua. Swali la mhakiki ni jingine: je, mwandishi huyu, aliyekuwa huru kuliko waandishi wengi wa wakati wake, asiye na mhariri wa kumwamuru wala mchapishaji wa kumtisha, aliutumia uhuru huo kusema nini?

3. Muhtasari wa hadithi

Masimulizi yako katika nafsi ya kwanza. Anayesimulia ni Alice Bonham, msichana wa miaka 17 aishiye Minneapolis pamoja na mama yake, ambaye mara nyingi hayupo nyumbani, na ndugu yake mdogo Milo, mvulana mpole ambaye katika nyumba ile ndiye afanyaye kazi ya mzazi. Usiku mmoja Alice na rafiki yake Jane wananusurika mikononi mwa wanaume wanaowafukuza, na mwokozi wao ni kijana aitwaye Jack. Jack anakuwa rafiki wa Alice na kumkaribisha kwao. Huko msichana anawakuta Ezra na mkewe Mae, watu wazuri wa sura, matajiri na wakarimu. Kisha anakutana na Peter. Papo hapo mwili wake wote unavutwa kwa Peter, ijapokuwa Peter anamwonyesha ukali, na ijapokuwa moyo wake umekwisha kumzoea Jack.

Sababu inafunuliwa polepole. Watu wale ni wanyonyadamu, na katika ulimwengu wa riwaya hii damu ya mwanadamu fulani inaweza kuwa imekusudiwa mnyonyadamu fulani. Damu ya Alice imekusudiwa Peter. Jack, ambaye ndiye anayempenda na kumchekesha, hana haki juu yake.

4. Damu na hiari

Mbegu ya hadithi hii ni nzuri, tena nzuri sana. Msichana anaambiwa kwamba yeye ni wa mtu fulani, si kwa sababu amesema ndiyo, bali kwa sababu damu yake imesema kwa niaba yake. Ni wasichana wangapi duniani, katika jamii zisizo na habari yoyote ya wanyonyadamu, waliokwisha kuambiwa maneno ya namna hiyo! Ukoo umeamua, wazee wamekubaliana, mahari yamepokelewa, yeye atajulishwa. Mwandishi aliyeshika mbegu kama hiyo angeweza kuotesha riwaya ya kukumbukwa, na jina la kitabu linatuahidi riwaya hiyo. Damu yaridhia, je, mwenye damu?

Swali hilo ndilo msomaji analolisubiri sura baada ya sura, na ndilo riwaya inalolikwepa. Alice anatetemeka, mapigo ya moyo yanamwenda mbio, anakosa usingizi, analala mchana na kukesha usiku, masomo yanaharibika. Lakini hasimami mahali hata pamoja kuuliza ni nani aliyeikusudia damu yake, na kwa faida ya nani. Hasira zake ni kwa kuwa Peter hampendi kama damu ilivyoahidi. Hazielekei kwenye ahadi yenyewe, iliyowekwa bila yeye kuulizwa. Mwandishi anauchukua utumwa huo kama hali ya hewa: mvua imenyesha, basi tutafute mwavuli.

Mtu anaweza kutujibu kwamba Alice ana hiari, kwa kuwa anamwelekea Jack kinyume cha damu. Jibu hilo halitoshi. Jack na Peter ni watu wa nyumba moja. Wana utajiri ule ule, magari ya bei kubwa yale yale, ujana usiokwisha ule ule, na Ezra na Mae ni wazee wa wote wawili. Yeyote atakayemchagua, msichana ataingia kwa mlango ule ule na kuketi katika sebule ile ile. Uchaguzi unapata uzito kwa kile kinachoachwa, na hapa kinachoachwa hakionekani.

Kilikuwapo kitu kimoja cha kuachwa, nacho ni Milo. Kurasa zinazomhusu ndugu huyo ndizo bora katika kitabu. Anapika, anasoma, anamngojea dada yake, anamuonya bila ukali. Na kwa kuwa mama yao ni kama mgeni katika nyumba, tunaelewa kwamba Alice akiondoka, Milo atabaki peke yake. Hapo ndipo palipokuwa na deni la kweli. Wanyonyadamu wanamvuta Alice kwa damu, na Milo ndiye ndugu yake wa damu. Maana hizi mbili za neno moja zingekutanishwa katika onyesho moja tu, riwaya ingesimama. Mwandishi anazipitisha kando kwa kando, kisha anarudi haraka kwenye viti vya gari la Jack.

5. Damu katika lugha yetu

Msomaji wa Kiswahili anahisi upungufu huu kuliko mwingine, na sababu iko katika lugha yake. Katika nchi nyingi zisemazo Kiswahili watu walijua undugu wa kuchanjiana. Watu wawili walichanjwa chale, kila mmoja akaonja damu ya mwenziwe, na kuanzia siku ile kila mmoja alikuwa na wajibu: kumlinda mwenziwe, kumlisha, kutomsaliti. Hata Stanley, alipopita katika nchi za mto Kongo katika karne ya 19, ilimpasa kuchanjiana na wakuu wa wenyeji ili aruhusiwe kupita. Na jinsi mapatano yale yalivyotumiwa baadaye ni habari nyingine, chungu. Katika desturi hiyo damu iliyonywewa ni mkataba. Anayekunywa damu ya mtu amejifunga kwake.

Upande wa pili kuna damu iliyoibwa. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalieleza neno mumiani kama dawa nyeusi mfano wa utomvu, na kutaja imani ya watu kwamba ilitokana na damu ya binadamu. Katika Katanga ya wakati wa ukoloni wazee walisimulia habari za batumbula, watu waliosemekana kuteka wenzao usiku kwa ajili ya Wazungu, ili wanoneshwe na kuliwa. Mchoraji wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu, aliipa habari hiyo nafasi yake katika mfululizo wa picha za historia ya nchi aliouchora katika miaka ya 1970, akiiita Simba Bulaya, yaani simba wa Ulaya. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya masimulizi ya namna hii, ameonyesha kwamba yasichukuliwe kuwa ujinga mtupu: kupitia kwayo watu walizungumzia kazi, dawa za wageni na mamlaka yaliyochukua nguvu za miili yao.

Hatudai kwamba mwandishi wa Minnesota angepaswa kuyajua haya. Tunachosema ni kwamba katika mapokeo yote mawili, la kuchanjiana na la batumbula, damu haitoki mwilini bure. Ama imetolewa kwa hiari na kuzaa wajibu, ama imeporwa na kuzaa kilio. Mapokeo ya Ulaya na Marekani yenyewe yalilijua jambo hili. Katika "Dracula" ya Bram Stoker (1897) wanaume wanne wanamtolea Lucy damu yao, mmoja baada ya mwingine, naye anakufa hata hivyo. Mina anabaki na kovu katika paji la uso mpaka adui atakapoangamizwa. Katika "Interview with the Vampire" ya Anne Rice (1976) mtoto Claudia anapewa uhai usiokwisha, na bei yake ni kwamba akili inakua ndani ya mwili usiokua kamwe. Hata "Twilight" ya Stephenie Meyer (2005), ambayo kivuli chake kinaonekana wazi juu ya kitabu cha Hocking, inamfanya kijana wake ateseke kwa kujizuia. Mateso hayo ni bei, ijapokuwa ni ndogo.

Katika "My Blood Approves" bei imefutwa. Wenyeji wa nyumba ile hawawindi watu barabarani. Kiu yao ina mpango wake, na mpango huo haumsumbui mtu. Tena kunyonywa kwenyewe kunaelezwa zaidi kama starehe ya anayenyonywa. Mnyonyadamu amekuwa tajiri mwenye tabia njema ambaye kwa bahati hafi. Akiondolewa meno, hadithi haitabadilika sana: itabaki habari ya msichana maskini wa mapenzi aliyepokelewa na familia yenye nafasi. Na pengine ndiyo ndoto ambayo wasomaji wengi waliinunua kwa senti 99. Ndoto hiyo si dhambi. Lakini basi damu imekodiwa kama pambo la sherehe, na kesho yake imerudishwa dukani.

6. Fani

Kuhusu fani tutasema kwa ufupi. Mazungumzo ni mepesi na yana kasi. Jack hasa anasikika kama kijana wa kweli, mwenye mzaha na ukarimu. Hiyo ni sifa, na ndiyo inayomfanya msomaji afike mwisho.

Kasoro ni mbili. Ya kwanza ni marudio. Mwandishi ana njia moja ya kuonyesha mvuto: mwili wa Alice unapata joto, pumzi inakatika, moyo unadunda. Mara ya kwanza tunamwamini. Ikirudiwa kila Peter aingiapo chumbani, dalili inakuwa kama kengele ya shule, ambayo hutujulisha saa na haituelezi somo. Ya pili ni uwiano wa matukio. Safari za gari, nguo, michezo ya video na usingizi wa mchana vinapewa nafasi pana, ilhali maswali mazito, kwa mfano maana ya kuishi karne kadhaa kama Ezra, yanajibiwa kwa mazungumzo mafupi sebuleni. Ezra ameishi muda wa kutosha kuona falme zikiinuka na kuanguka, naye anaongea kama baba mwema wa mtaa wa kisasa. Mahali pa mhusika mwenye historia pamekaa mhusika mwenye umri tu.

Makosa ya lugha katika toleo la kwanza yalilalamikiwa na wasomaji wengi, na mwandishi mwenyewe alikiri hadharani kwamba alihangaika kuyaondoa. Hatuyawekei uzito. Kosa la tahajia laweza kusahihishwa na mtu mwingine katika siku mbili. Swali ambalo mwandishi hakujiuliza halisahihishwi na mhariri yeyote.

7. Uhuru wa kujichapishia

Wapo watakaosema kwamba kitabu kilichojichapisha chenyewe hakistahili kudaiwa mengi. Historia inawakanusha. Walt Whitman alijitolea mwenyewe "Leaves of Grass" mwaka 1855. Marcel Proust, baada ya kukataliwa, alilipa gharama za kuchapisha "Du côté de chez Swann" mwaka 1913. Hapa kwetu tunacho kielelezo kilicho karibu zaidi: "Vocabulaire de ville de Elisabethville", maandishi yaliyotolewa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani, ambayo Johannes Fabian aliyatoa tena mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Jina lake ni la Kifaransa, lakini ndani yake mna Kiswahili cha mji, chenye tahajia isiyo thabiti, maneno yakiungana na kukatika mahali pasipotarajiwa. Hakuna mchapishaji ambaye angekipokea kikiwa katika hali ile. Hata hivyo ukikisoma unakutana na watu wanaosimulia historia ya mji wao jinsi wao wenyewe walivyoipitia, kwa sababu waliona kwamba wasipoisema wao, haitasemwa. Deni lao kwa waliokufa liko katika kila ukurasa.

Tunaviweka vitabu hivi viwili pamoja kwa makusudi, ijapokuwa kimoja ni riwaya na kingine ni historia. Vyote viwili vilitoka bila ruhusa ya mlinzi wa mlango. Wazee wa Elisabethville waliutumia uhuru huo kusema jambo ambalo hakuna aliyewaomba walisema. Hocking aliutumia kutengeneza, kwa bei nafuu, kitu ambacho wachapishaji wakubwa walikuwa tayari wanakiuza. Miaka mitano tu baada ya "Twilight", tunakuta tena msichana wa miaka 17, familia ya wanyonyadamu wastaarabu, nyumba nzuri, na kijana mzuri wa sura mwenye hatari isiyodhuru. Ndiyo sababu hatushangai kwamba mchapishaji mkubwa alimfuata baadaye: alikuwa amethibitisha kwamba anajua kuhudumia soko lao. Mlango ulikuwa umefungwa, naye akajenga mwingine. Lakini mlango mpya ulifunguka katika chumba kile kile.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba udhaifu wa "My Blood Approves" hautokani na njia iliyoitoa wala na aina ya hadithi iliyochaguliwa. Mwandishi alishika swali kubwa, la damu inayosema kabla ya mwenyewe kusema, kisha akaliweka chini ili msichana wake asije akapoteza kitu. Riwaya ambayo hakuna anayeweza kupoteza kitu ndani yake haimwachii msomaji kitu cha kuhofia wala cha kutumainia.

Jambo hili lina funzo kwa wanafunzi wetu wanaotunga. Leo mtu aliye Lubumbashi, Bukavu au Kisangani anaweza kuupiga mswada wake chapa na kuusambaza kwa simu bila kumwomba mtu idhini, na uhuru huo ni neema ambayo wazee wa mwaka 1965 hawakuwa nayo. Lakini palipoondoka mhariri, kazi yake imebaki, na anayejichapishia amejitwika kazi hiyo pia. Kabla ya kuutoa mswada wake, na ajiulize maswali ambayo mlinzi wa mlango angemwuliza, na zaidi yale ambayo mlinzi asingethubutu: mhusika wangu anadaiwa nini, na nani, na atalipa kwa kitu gani? Kama jibu ni kwamba hadaiwi kitu, mswada urudi mezani.